Kama kazi ya Alduin ni kula dunia, Sovngarde alifuata nini?

#1 Kigoda
Wakuu, salaam. Swali langu linahusu gemu la Skyrim.

Joka Alduin ni Mla-Dunia. Wanordi, wenyeji wa Skyrim, wanaamini zama zikifika ukingoni anatokea, anaimeza dunia nzima, kisha inazaliwa nyingine. Haya, mwaka 201 wa Zama ya Nne anarudi, anachoma mji wa Helgen, anazunguka makaburini kufufua majoka wenzake. Halafu badala ya kuanza kazi yake anapitia lango la Skuldafn na kwenda Sovngarde, ahera ya Wanordi, kula roho za marehemu.

Dunia iko palepale haijaguswa hata kona. Huyu ni Mla-Dunia au mdokozi wa makaburini? Nia yake hasa ilikuwa nini? Wajuvi karibuni.

#2 Bundi
Jibu limo ndani ya gemu, tatizo watu mnaruka maongezi. Ukishamnasa joka Odahviing pale ngome ya Dragonsreach, usikimbilie kumfungulia. Maliza maswali yote kwanza. Anasema waziwazi kwamba Alduin kaenda Sovngarde kujirudishia nguvu kwa kula roho za wafu, na kwamba haki hiyo kaibana peke yake, majoka mengine hayaruhusiwi kugusa.

Ametoka kupigwa na Dragonrend, ile shout (sauti ya nguvu) ya kuangusha majoka, juu ya mlima wa Throat of the World, hoi bin taaban. Kaenda kula apone. Uzi ufungwe.

#3 Mshale_Gotini
Usifunge uzi, Bundi. Ukiingia Ukumbi wa Mashujaa kule Sovngarde, shujaa wa kale Ysgramor anakuambia mlango wao haujapata mgeni tangu Alduin alipotega mtego wake wa roho bondeni. Hiyo si kauli ya mtu anayezungumzia jambo la juzi. Kama mtego ulikuwepo kabla hamjapigana mlimani, basi kipigo cha mlimani hakiwezi kuwa ndicho kilichompeleka. Alikuwa anakula huku yuko fiti.

#4 FundiVito
#3 umeona vizuri ila umehesabu kipigo kimoja. Vipo viwili.

Cha kwanza ni cha zama za kale. Mashujaa watatu, Gormlaith, Hakon na Felldir, walimtandika Dragonrend mlimani hapohapo. Gormlaith akauawa, wakaona hafi, Felldir akafungua Elder Scroll, gombo la kale lenye nguvu, na kumtupa mbele ya wakati. Sasa fikiria upande wake. Sisi tunasema ametoweka maelfu ya miaka, lakini yeye hakuishi miaka hiyo. Hakulala, hakupona. Ametupwa akiwa na majeraha, ametua kwetu na majeraha yaleyale. Kwa hiyo hata kabla hujamgusa wewe, tayari alikuwa na sababu ya kutafuta chakula.

Hapo kauli ya Odahviing na ya Ysgramor zinakaa pamoja bila ugomvi.

#5 Mama Mchawi
Mnaongelea tumbo, mtoa mada kauliza nia. Mtu mgonjwa hula, sawa, lakini akishapona anataka kufanya nini?

Sikilizeni Paarthurnax, joka ndugu yake Alduin, baada ya ushindi. Hashangilii. Anasema kaka yake aliwahi kuwa taji la uumbaji wa baba yao, mungu Akatosh, ila aliiacha njia iliyonyooka kwa sababu ya pahlok, kiburi cha mwenye nguvu. Kwa maneno mengine alipewa kazi ya kula dunia akaona bora aitawale. Ndiyo maana zama za kale palikuwa na makuhani wa majoka, mahekalu, sadaka, binadamu watumwa. Anayepanga kuimeza dunia hahangaiki kujenga serikali juu yake.

Sovngarde ni mwendelezo wa tabia ileile. Alitawala walio hai, sasa anatawala wafu.

#6 Zege
Naomba kupinga wote kwa pamoja 😂

Alduin yuko kazini. Dunia ya Nirn si mawe na milima tu, kuna waliomo. Ukitaka kuila lazima uanze mahali, na yeye kaanza na wafu kwa sababu hawana pa kukimbilia. Paarthurnax mwenyewe anakuuliza huenda dunia hii ni yai tu la kalpa (mzunguko wa dunia) ijayo, je, utaizuia dunia nyingine isizaliwe? Anayeuliza hivyo hamwoni kaka yake kama mtoro wa kazi. Na Arngeir, yule mzee mtawa wa mlimani, naye anatupia lile swali, kwamba labda Alduin hakupaswa kushindwa.

Someni pia habari za Aldudagga, pale Alduin anamlaani pepo Dagon kwa kosa la kuficha vipande vya kalpa zilizopita ili visiliwe. Ulaji wake ni kipande kwa kipande.

#7 Bundi
Zege, hapo kwenye Aldudagga umetupenyezea. Maandishi hayo ni ya Michael Kirkbride, aliyekuwa mmoja wa waandishi wa Morrowind, gemu la awali la mfululizo huu, lakini aliyatoa mtandaoni nje ya gemu. Hakuna gemu hata moja ambalo utafungua kabati ukakuta kitabu hicho. Ukitaka kuyatumia tumia, ila sema ni ya pembeni, usiyaweke meza moja na maneno ya Paarthurnax.

Lile swali la yai lipo kweli kwenye gemu, hapo nakupa.

#8 Zege
Imekaa hiyo. Nafuta Dagon, nabaki na yai.

#9 Nusu_Mzimu
Mimi naongeza swali badala ya jibu. Alduin akifa Sovngarde, Dragonborn, yaani mhusika wako, hapati roho yake. Kila joka unaloua, kuanzia Mirmulnir pale mnara wa magharibi wa Whiterun, nyama inaungua na roho inaingia kwako. Alduin anapasuka vipandevipande, anapiga kelele kwamba yeye hana mwisho, na kaunta ya roho za majoka haiongezeki hata moja. Imekwenda wapi?

#10 FundiVito
Swali zuri kuliko la uzi (samahani Kigoda).

Kwanza tuelewane kuhusu ahera ya majoka, maana watu huchanganya na ya binadamu. Joka halina Sovngarde yake. Likiuawa na mtu wa kawaida, roho inabaki imeng'ang'ania mifupa kaburini. Ndiyo maana Alduin akienda Kynesgrove anaita tu, "Sahloknir", nyama inarudi. Mlango pekee wa kufa kabisa ni Dragonborn kuinyonya ile roho.

Yupo mmoja aliye nje ya utaratibu huo, Durnehviir. Yeye hafi na hanyonyeki kwa sababu Soul Cairn, nchi ya roho zilizonaswa, imemshika. Ideal Masters, watawala wa huko, walimwahidi jeshi la wafu endapo atamlinda Valerica mpaka Valerica afe, wakanyamaza kuhusu kwamba Valerica ni vampaya na hafi kwa umri. Mkataba wa kitapeli kabisa. Sasa hawezi kukaa Tamriel, bara la walio hai, muda mrefu. Ukimwita mara tatu huku juu, nje, si ndani ya pango, kila safari anakupa neno moja la shout ya Soul Tear. Watu wengi humwita mara moja wakaona hana faida, wakaacha maneno mawili.

Alduin hayumo kwenye kundi lolote kati ya haya.

#11 Mama Mchawi
Arngeir ukimuuliza baada ya vita hakupi uhakika. Anasema majoka si kama viumbe wafao, na Alduin ni wa pekee hata kati ya majoka, huenda ataruhusiwa kurudi mwisho wa wakati atimize wajibu wake. Kwa hiyo tafsiri nyepesi ni kwamba roho imerudi kwa mwenyewe, Akatosh. Umempokonya mtoto fimbo, baba kamwita ndani.

#12 Mshale_Gotini
Napinga, na nitatumia ushahidi wa gemu jingine la mfululizo huohuo.

Nyongeza ya Knights of the Nine ya gemu la Oblivion, mwaka 2006. Adui Umaril aliuawa na shujaa Pelinal enzi za kale, lakini mwili tu ndio uliokufa. Roho ilibaki inaelea na baadaye akarudi. Safari ya pili mchezaji anapewa baraka ya mungu Talos ili, baada ya kuangusha mwili, aifuate roho hukohuko iliko na kuiua. Fundisho la gemu lile ni kwamba adui wa aina hii huuawa mara mbili, mwili huku na roho kule.

Sasa pima Alduin. Alipigwa Throat of the World akakimbia. Akapigwa tena ndani ya Sovngarde, nchi ya roho. Huko hakuna "mwili umekufa roho ikatoka", ameshakuwa ndani ya chumba cha mwisho. Kwa hesabu hiyo amekufa kufa. Arngeir ni mzee anayekaa mlimani kukisia, hakuwepo.

#13 Mama Mchawi
Hata Tsun, mlinzi wa daraja la Sovngarde, anamwambia Dragonborn kwamba yeye si kivuli bali ni mtu hai aliyethubutu kuingia nchi ya wafu. Ina maana mtu anaweza kuwa kule na mwili wake. Na Alduin kapita lango lilelile la Skuldafn. Kwa hiyo mwili ulikuwepo, "chumba cha mwisho" kina mlango wa nyuma.

#14 Mshale_Gotini
😶 Nipe muda.

#15 Jongoo
Nimesoma mpaka hapa nimegundua mhalifu mkuu wa Skyrim ni ninyi wachezaji. Alduin kala roho, mnamwita shetani. Wewe una begi limejaa vito vyeusi vya kunasia roho, mle ndani kuna majambazi, wachawi na mfanyabiashara mmoja aliyekuudhi. Alduin angalau alikuwa na njaa, wewe ulitaka upinde uwake moto.

#16 FundiVito
Jongoo kaingia kwangu, na anachosema kina hesabu zake.

Kiumbe wa kawaida ana roho nyeupe, yenye ukubwa kati ya ngazi tano: 250, 500, 1000, 2000 na 3000. Binadamu, elfu, Khajiit na wengineo wana roho nyeusi, na yote ni 3000 hata awe ombaomba. Roho nyeusi haiingii kito cha kawaida, inataka kito cheusi. Kito cha Azura's Star pia hakipokei, mpaka umkabidhi mchawi Nelacar aigeuze kuwa Black Star.

Makosa mawili yanayopoteza vito:
Unapiga Soul Trap (uchawi wa kunasa roho) kaa wa mtoni huku begini una kito kikubwa tu. Roho ya 250 inakaa ndani ya nafasi ya 3000 na kito kinahesabika kimejaa. Dawa ni kukidondosha chini na kukiokota tena, kinarudi kitupu.
La pili ni kuua kabla Soul Trap haijagusa, au baada ya muda wake kuisha. Roho ndiyo imekwenda hivyo.

Na roho nyeusi ikishatumika haipotei hewani, inatupwa Soul Cairn. Nenda ukawaone. Wanazunguka hawajui kwa nini wako pale.

#17 Nusu_Mzimu
Mwulize Jiub. Yule ndiye sura ya kwanza unayoiona Morrowind mwaka 2002, kwenye meli ya wafungwa. Akaja kuwa mtakatifu kwa kuwafukuza cliff racer, wale viumbe warukao, wote kisiwani Vvardenfell. Akauawa Kvatch wakati wa vurugu za Oblivion, na roho yake leo iko Soul Cairn inakuomba umtafutie kurasa 10 za kitabu chake. Mtakatifu! Wakati huohuo kuna wazembe wanakunywa pombe ya bure kwa Shor, mungu wa Sovngarde.

Kwa hiyo ahera ya dunia ile haiangalii matendo. Inaangalia nani alikuwahi.

#18 Bundi
"Inaangalia nani alikuwahi" nimeipenda, na ndiyo inanirudisha kwa Kodlak. Mzee mzima wa Companions, kundi la wapiganaji, shujaa kwa kipimo chochote cha Wanordi, lakini kwa kuwa alibeba damu ya mbwa mwitu alikuwa anakwenda kwenye mawindo ya Hircine, mungu wa uwindaji. Ilibidi kichwa cha mchawi wa Glenmoril kitupwe kwenye moto wa kaburi la Ysgramor, roho ya mbwa mwitu itoke, mpigane nayo, ndipo akaachiwa. Kidokezo kwa wanaofanya misheni hiyo: pale Glenmoril wachawi wapo watano, chukueni vichwa vyote vitano. Kimoja kinamtosha Kodlak, lakini Farkas na Vilkas watataka, na wewe mwenyewe ukichoka kunguruma usiku utahitaji kimoja.

#19 Kigoda
Asanteni wote. Sasa mmenifungulia la pili. Dragonborn mwenyewe akifa anakwenda wapi? Maana wa kwangu ni Harbinger wa Companions, ni Listener wa kundi la wauaji la Dark Brotherhood, ni Nightingale wa Nocturnal na amewahi kuwa vampaya.

#20 Jongoo
Anakwenda mahakamani.

#21 Mama Mchawi
Tupange wadai basi. Hircine kwa damu ya mbwa mwitu. Molag Bal kwa uvampaya. Sithis kwa kuwa Listener. Nocturnal kwa kiapo cha Nightingale. Hermaeus Mora kwa kila kitabu cheusi ulichofungua. Shor kama utapita kwa Tsun. Juu yao wote Akatosh, ambaye roho ya joka ni mali yake tangu mwanzo.

Mbwa mwitu na vampaya huwezi kuwa navyo kwa pamoja, kimoja hufuta kingine, kwa hiyo mmoja kati ya wadai wawili wa kwanza anaanguka. Nocturnal naye mkataba wake una ukomo: Nightingale mwenzako Gallus alitumikia kama mlinzi pale Twilight Sepulcher, na ufunguo uliporudishwa akaachiwa aende kuungana na kivuli. Sithis hata hakushiki sana, mbona muuaji wake Lucien Lachance aliyeuawa kwenye Oblivion anaitwa Skyrim kuja kupigana?

Wanabaki Mora, Shor na Akatosh.

#22 Zege
Shor mtoe. Ukumbi wake umeingia ukiwa hai kama mgeni wa kazi maalumu. Ukikaribia daraja la mfupa wa nyangumi Tsun anakuuliza unaingia kwa haki ipi, na ukijibu kwa cheo cha Archmage (mkuu wa chuo cha wachawi) anasema Wanordi wamesahau heshima ya babu zao kwa uchawi ila nyumbani kwa Shor bado unaheshimiwa. Kuheshimiwa mlangoni si kupewa kitanda.

#23 Mshale_Gotini
Nimerudi. Nimefikiria mlango wa nyuma wa #13, sina jibu zuri, lakini nina hoja nyingine ya nia.

Kwa nini Shor aliwaamuru mashujaa wake waweke panga chini wasitoke kwenye ukungu? Ukumbi mzima wa magwiji, Ysgramor yumo, wanaambiwa tulieni. Kiti cha Shor chenyewe kitupu. Nadhani Alduin hakufuata chakula tu. Alikwenda kumzingira Shor. Ugomvi wa joka la wakati na mungu wa Wanordi ni wa tangu kuumbwa kwa dunia. Wafu walikuwa chambo.

#24 Bundi
Au Shor aliona kila anayetoka analiwa na kumwongezea adui nguvu, akafunga mlango. Maelezo ya jikoni tu, hayahitaji ugomvi wa tangu uumbaji. Unamlisha nyoka halafu unashangaa anakua?

#25 Mama Mchawi
Kwa kweli Alduin ni mwovu mwenye jina kubwa na nia nyembamba, ndiyo maana tunamjazia sisi. Ukitaka nia iliyokamilika angalia Vyrthur wa nyongeza ya Dawnguard. Alikuwa kuhani mkuu wa Auri-El, akaambukizwa uvampaya, mungu wake akamgeuzia mgongo. Akaamua kulipiza kwa silaha ya mungu yuleyule: akatunga unabii wa kuzima jua, akajua upinde wa Auriel utahitajika pamoja na damu ya binti wa Coldharbour (mwanamke aliyefanywa vampaya na Molag Bal), akakaa kusubiri wajinga waje wenyewe. Harkon, bwana wa vampaya aliyemtolea Molag Bal roho elfu moja ili apate nguvu, akaumeza unabii huo mzimamzima bila kujua kautunga nani. Mwovu mmoja kamtumia mwovu mwingine kama mjumbe, na hawakuwahi hata kuonana.

#26 Zege
Na Mankar Camoran, mwovu wa gemu la Oblivion, je? Nia yake ilikuwa na hoja. Alidai Tamriel ni eneo la Oblivion (ulimwengu wa pepo) kama mengine, mali ya mungu Lorkhan, na kwamba Dagon anarudi kwenye haki yake ya kuzaliwa.

#27 Bundi
Hoja iliyochanganya maeneo! Kwenye hotuba hiyohiyo anampa Meridia Coldharbour, ambayo ni ya Molag Bal, na Mephala anampa Moonshadow ya Azura. Kuna wanaosema ni makosa ya waandishi, wengine wanasema ni makusudi kuonyesha kwamba nabii ni kanjanja. Mimi niko kundi la pili. Na peponi kwake wafuasi wanauawa, wanafufuka, wanauawa tena bila mwisho. Kwa ahera mbaya, ile inashindana na Soul Cairn.

#28 Nusu_Mzimu
Soul Cairn bado inaongoza. Kwa Camoran angalau walijiandikisha wenyewe.

#29 Kigoda
Nimejifunza mengi. Kabla sijaendelea na vita ya mwisho, kuna la kuzingatia? Alduin hapungui damu hata kidogo.

#30 FundiVito
Bila Dragonrend kumgusa hadhuriki, usipoteze mishale. Mpangilio ni huu: toka ukumbini na wale mashujaa watatu wa #4, pigeni shout ya Clear Skies kwa pamoja. Ukungu utarudi, rudieni, mpaka ya tatu ndipo anajitokeza. Kuanzia hapo Dragonrend kila inapoisha nguvu, ndipo silaha. Vaa Amulet of Talos, inapunguza asilimia 20 ya muda wa kusubiri kati ya shout na shout. Mvua ya vimondo ikianza usisimame mahali pamoja.

Na barakoa ya Nahkriin umeichukua, sivyo? Yule kuhani wa pale langoni Skuldafn. Ukishaingia Sovngarde huwezi kurudi Skuldafn tena.

#31 Kigoda
Barakoa gani?

#32 Jongoo
😂😂😂

#33 FundiVito
Fungua orodha ya sevu, tafuta za otomatiki, ya kabla ya lango. Usihifadhi chochote kipya sasa hivi. USIHIFADHI.

#34 Kigoda
Nimehifadhi nilipokuwa naandika #29.

#35 Mshale_Gotini
Haya, huyo naye nia yake ilikuwa nini?